Ifakara Huwezi Kumkwepa Mtu

Viatu vile havikuwa vya soko la Ifakara mwezi wa nne. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vimepigwa rangi mpaka vinang'aa, na mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya tope, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mkono mmoja umeinua suruali ya kijivu isiguse chini, mwingine umeshika mfuko wa nyanya. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na kila mtu mwenye akili zake alikuwa na ndala. Wauza samaki walimtazama kwa furaha, hakuna aliyemsaidia.

"Kaka, hapo uliposimama ndipo pabaya kuliko pote," ilisema sauti ya kike nyuma yake. "Rudi ukanyage ubao."

"Ubao uko wapi?"

"Umeshaupita. Ungetazama chini badala ya kutazama suruali ungeuona."

Aligeuka. Alikuwa msichana mrefu, mweusi, gauni lake la kitenge cha njano limekunjwa hadi magotini, ndala mkononi, miguu mitupu imejaa tope na wala hajali. Kitu kimoja kilimshangaza yule kijana. Joto lilikuwa kali hata na mvua ile, lakini gauni lilikuwa na mikono mirefu, imefungwa vifungo hadi viganjani.

"Basi nipe mkono nivuke."

"Nikupe mkono tuanguke wote? Nipe nyanya."

Akampa nyanya, akavuka. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope na ikabidi kivutwe kwa mikono miwili. Soko zima lilicheka. Yeye naye alicheka, ingawa kwa kuchelewa.

"Asante, dada. Naitwa Beatus."

"Najua. Beatus wa benki. Umekuja Jumatatu, umepanga kwa Mzee Kelestini kule Viwanja Sitini, na huli dagaa."

"Nani kakwambia sili dagaa?"

Mama Stumai, muuza samaki aliyekuwa na meza yake pale pale, aliinamia kambale wake akaanza kuwapanga upya.

"Na wewe unaitwa nani?" Beatus aliuliza.

"Emerensiana."

"Lote hilo?"

"Lote. Ukichoka katikati, pumzika."

Ifakara si jiji, na ukiiita kijiji watu watakununia. Ina mabenki, ina kanisa kuu, ina stesheni ya reli na mashine za kukoboa mpunga zinazounguruma mchana kutwa. Lakini mtu akinunua dawa ya kikohozi asubuhi, jioni anaulizwa kifua kinaendeleaje. Beatus alizaliwa na kukulia Tabata, Dar es Salaam, mahali ambapo unaweza kukohoa mwaka mzima bila kuulizwa. Mwezi wake wa kwanza pale alihesabu kila kilichokosekana. Mwezi wake wa pili alianza kumpigia Emerensiana simu ili amhesabie yeye.

"Umeme umekatika tena, mama."

"Umekatika kwako na kwangu pia. Umewahi kuona mahali pengine watu wanaopendana wanakatiwa umeme pamoja?"

"Kwa hiyo tunapendana?"

"Nimesema watu. Sijataja majina."

"Hivi kweli kazi yako ni ipi? Mzee Kelestini ananiambia unalisha mbu, nikajua ananitania."

"Hakutanii. Nafanya kazi kwenye taasisi ya utafiti, chumba cha kufugia mbu. Tunawafuga kwa ajili ya majaribio ya dawa. Lazima wale, basi naingiza mkono kwenye kizimba wanakula. Usiogope, ni mbu waliozaliwa humo humo, hawana malaria."

"Mkono wako mwenyewe? Hauumi?"

"Zamani ulikuwa unawasha. Siku hizi sisikii."

Hapo ndipo Beatus alipoielewa ile mikono mirefu ya gauni. Alichokuwa hajakielewa ni kwamba Emerensiana hakuwa akisikia mambo mengine mengi. Mama yake alifariki mwaka wa mafuriko makubwa, wakamzika Mahenge kwenye mvua, na tangu siku hiyo binti alikuwa kama amekaliwa na ganzi mwili mzima. Hakulia msibani. Alifanya kazi, alicheka panapochekesha, alitania vizuri kuliko wenzake, na akiulizwa jambo lolote kubwa alijibu, "Sawa tu." Alipoambiwa kaongezewa mshahara alisema sawa tu. Alipoambiwa nyumba ya mama yake imeanguka ukuta alisema hivyo hivyo. Beatus alipombusu kwa mara ya kwanza, darajani Kivukoni, Emerensiana alijua kwamba jambo hilo ni zuri, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumapili. Alimpenda. Hilo alikuwa na uhakika nalo, ila lilikuwa ndani sana na halikumfikia.

Darajani palikuwa ndipo pao. Walikwenda jioni, yeye na kitenge chake cha njano, Beatus na fulana ya bluu iliyombana tumbo, wakaegemea ukingo na kuutazama Mto Kilombero ukipita na mitumbwi ya wavuvi.

"Hakuna bahari," Beatus alilalamika.

"Kuna mto."

"Hakuna sinema."

"Kaa sokoni saa moja. Utaona zaidi ya sinema."

"Kodi ni ndogo, hilo nakubali. Na huu mchele wenu. Mchele huu nikiupikia watu Tabata watagombana."

"Na kutoka kwako hadi kazini?"

"Kwa mguu, kabla chai haijapoa tumboni." Alicheka. "Lakini siwezi kununua hata shuka bila mtu kuuliza naoa lini."

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema namsubiri mtu mmoja mwenye jina refu."

Mwezi wa sita Beatus aliugua. Homa ilimlaza, simu ikazima chaji, na akalala humo ndani mlango umefungwa kwa komeo. Muuza maji ndiye aliyegundua kwamba madumu hayajatolewa nje. Akamwambia Mzee Kelestini, mzee akavunja komeo, na kabla jua halijazama chumba kilikuwa kimejaa. Mama Stumai alikuja na uji. Akina mama wa jumuiya walikuja na rozari wakasali kwa sauti kubwa, mgonjwa akiwa na fulana ya ndani na shuka, akitazama dari. Emerensiana alikaa kitandani, akimpima joto kwa kiganja.

"Nani kawaalika wote hawa?" Beatus alimnong'oneza.

"Hakuna aliyealikwa."

"Nitakuwa mzima lini wanirudishie chumba changu?"

"Kunywa uji wa watu wewe."

Alipona. Mpunga ukavunwa, malori yakaondoka na magunia, vumbi likachukua nafasi ya tope. Siku moja Emerensiana alipita kununua perege, na Mama Stumai akamtazama kwa huruma kabla hata hajaamkiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Pole ya nini?"

"Kumbe hujaambiwa? Mwenzio kapewa uhamisho. Anarudi Dar, tena na cheo. Dada anayefagia pale benki kanieleza asubuhi."

Emerensiana alichagua perege wake, akalipa, akaondoka. Njiani alijaribu kulia, akashindwa. Kilichomuuma, kama kulikuwa na kitu kinachomuuma, ni kwamba muuza samaki amejua kabla yake. Jioni simu iliita.

"Mama, habari za jioni?"

"Nzuri."

"Mbona sauti iko mbali?"

"Iko hapa hapa."

"Nina jambo. Makao makuu wamenipa uhamisho. Dar, na cheo kikubwa. Unasemaje?"

Emerensiana alitafuta ndani yake kitu cha kusema, akakuta hamna kitu.

"Sawa tu."

"Sawa tu?"

"Hongera, Beatus. Mji wenyewe huupendi."

"Ndiyo yote uliyonayo?"

"Unataka niseme nini?"

"Basi," alisema Beatus. "Lala salama."

Hawakupigiana tena. Katika jiji kubwa hapo hadithi ingekwisha, kila mtu angeshika njia yake na mwaka ungepita. Ifakara haitoi nafasi hiyo. Kesho yake walikutana kwenye foleni ya mashine ya kutolea pesa. Keshokutwa yake duka la dawa. Walikutana kwa fundi viatu, walikutana kwenye mkaa, walikutana msibani kwa mtu ambaye hakuna kati yao aliyemjua vizuri. "Habari." "Salama." Watu waliowazunguka walitazama vidole vyao.

Jumapili moja, kanisani, padri alisema, "Tupeane amani." Beatus alikuwa benchi la mbele. Aligeuka, shati jeupe limenyooshwa, macho mekundu kidogo, akaukuta mkono wa Emerensiana umeshanyooshwa kwa sababu ndivyo ilivyo desturi.

"Amani ya Kristo."

"Amani."

Wakashikana. Benchi zima lilishusha pumzi. Emerensiana aliusikia mkono wa Beatus, wa joto, mkavu, basi. Beatus alimtazama akitafuta chochote usoni mwake, hakuona, akageukia altare. Alikuwa anaumia vibaya na hakuwa na namna ya kulificha hilo katika mji ule.

Wiki zilipita na Beatus haondoki. Emerensiana alijiambia kwamba mrithi wake hajafika, au anakabidhi ofisi, mabenki yana mambo mengi. Hakumuuliza mtu. Na ajabu ni kwamba mji uliomwambia mpaka rangi ya mapazia ya Beatus sasa ulikuwa kimya. Akikaribia, mazungumzo yanageuka. Akaona hawezi tena. Akamwomba mkuu wake nafasi kwenye kituo kingine kule Tanga, akapewa. Vizimba vyake vya mbu alipewa Minza, msichana mpya. Wenzake walimuuliza kama amefurahi, akawajibu vile vile kama siku zote. Akamwarifu mwenye nyumba, akafunga mabegi, akakata tiketi.

Siku moja kabla ya safari alipita sokoni kuaga.

"Nimekuja kukuaga, mama."

Mama Stumai alifuta mikono kwenye khanga, akamkumbatia, harufu ya samaki na yote. "Nenda salama, mwanangu. Moyo haulazimishwi. Ila huyu kijana unamwacha vibaya."

"Mimi namwacha? Si yeye anayehama?"

"Anahamia wapi?"

"Dar."

Mama Stumai alimwachia akarudi nyuma kumtazama vizuri. "Emerensiana. Beatus alikataa uhamisho. Cheo kapewa mwenzake. Mji mzima unajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini wewe mchumba wake? Nilijua kakwambia mwenyewe, na wewe umemkataa hivyo hivyo. Ndivyo wote tulivyojua. Ulivyokuwa umekaza uso, nani angethubutu kukusogelea?"

Emerensiana hakuaga meza nyingine. Alipanda bodaboda hadi Viwanja Sitini.

Beatus alikuwa uani, amevaa kaptula na fulana ile ya bluu, anapepea jiko la mkaa. Sufuria ya wali ilikuwa juu, mkaa mwingine umewekwa kwenye mfuniko. Hakusimama.

"Kesho unasafiri," alisema. "Nimesikia."

"Ulikataa uhamisho lini?"

"Siku ile ile waliyoniambia."

"Kabla hujanipigia?"

"Kabla."

"Sasa kwa nini uliniuliza nasemaje?"

Beatus aliweka kipepeo chini. "Nilitaka kusikia 'usiende'. Mara moja tu, halafu nikwambie sitaenda. Ujinga, najua."

"Ungeniambia umekataa!"

"Nawe ungesema sawa tu."

Emerensiana alisimama pale na mkoba begani, hajui auweke wapi.

"Ulikataa kwa ajili yangu?"

"Nusu. Nusu nyingine ni uji ule. Tabata niliwahi kuugua wiki nzima. Jirani yangu, ukuta mmoja, alijua siku nilipotoka kuanika shuka. Hapa wananichosha, Emerensiana, wananichosha mpaka basi. Lakini hapa siwezi kufa bila mtu kujua. Sasa nasema mimi. Usiende."

"Beatus, nikwambie ukweli. Sisikii kitu. Si kwako tu, ni kwa kila kitu, tangu tumzike mama. Najua nakupenda, ila sikusikii. Nimesubiri mpaka nimechoka. Utaoa mtu wa namna hiyo?"

"Sijakuuliza unasikia nini. Nakuuliza utakaa wapi."

"Kazi yangu kapewa Minza."

"Na cheo changu kapewa mwingine. Tutatafuta."

"Watu watasema."

"Wanasema sasa hivi." Beatus alionyesha kwa kidevu upande wa uzio, ambako Mzee Kelestini alikuwa anaumwagilia maji mgomba mmoja kwa muda mrefu kuliko mgomba wowote unavyohitaji.

Emerensiana aliuweka mkoba chini. Akavuta kigoda, akaketi mbele ya jiko.

"Nitakaa hapa," alisema. "Na wewe."

Beatus aliinama akafunua sufuria kwa sababu wali ulikuwa unataka kuungua, na mvuke ukapanda. Kwa muda mrefu Emerensiana alikuwa anakula kwa kuwa saa ya kula imefika. Sasa harufu ile ilimwingia puani, tumbo likamkata kwa njaa, njaa ya kweli, na machozi yakaanza kumtiririka mpaka kwenye shingo ya gauni. Akalia kwa sauti, kilio cha msiba. Nyuma ya uzio maji yalikoma kumwagika.

Beatus alinyoosha mkono amfute uso.

"Acha," alisema Emerensiana. "Pakua kwanza."