Mahali pa Jina la Baba

Kila alfajiri Namalwa alikaanga mandazi mbele ya chumba chao cha kupanga, mtaani Huruma. Binti yake, Nelima, aliwauzia wapita njia. Ndani, nyuma ya mlango, lilining'inia koti la kazi la mumewe, Wabuge, limejaa matundu ya cheche. Wabuge alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Walimzika Machi. Sasa ilikuwa Agosti, na mkewe bado alikuwa hajaweza kutamka neno marehemu.

Nelima alipata D plus katika mtihani wa kidato cha nne, na majirani wa ploti, ambao hawakosi la kusema, wakasema masomo yake yameisha. Kumbe wapi! Chuo cha ufundi kilimpa nafasi ya kusomea kazi ya baba yake. Kilichobaki ni karo. Akajaza fomu ya basari, msaada wa karo. Majina yalipobandikwa, alirudi nyumbani akakaa juu ya ndoo.

"Mum, jina langu haliko."

Jirani yao Brigid, karani wa chuo mjini, aliomba kuona nakala ya fomu. Alisoma, akainua macho.

"Mama Nelima, hapa mmeandika baba yuko hai, na ana kazi."

Nelima alitazama chini. Namalwa akajifuta unga mikononi.

"Ni mimi nilimwambia. Kalamu ilifika hapo, nikaona nikisema amekufa, ni kama namzika tena."

"Pole, mama. Lakini kamati ya basari inasoma karatasi tu. Imeona baba ako na kazi, ikapatia wengine. Cheti cha kifo mlichukua?"

"Tuko na kile kibali cha kuzika."

"Hicho hakitoshi. Kibebe pamoja na kitambulisho chako, uende ofisi ya serikali, Huduma Centre, uombe cheti cha kifo. Basari itatangazwa tena. Na kuna mkopo wa serikali wa wanafunzi wa ufundi, atalipa akimaliza masomo. Aombe mwenyewe kwa simu, mapema, na aandike ukweli."

"Kwa hivyo mimi nitafute pesa na kifo cha mzee wangu?"

"Angekuwa hapa, si angelipa? Hayuko. Wacha karatasi yake imfanyie hiyo kazi."

Cheti kilipotoka, Namalwa alilifuata jina la mumewe kwa kidole, herufi kwa herufi. Kisha akalia mbele ya watu, kilio ambacho hata kaburini hakukilia. Uchungu wa mwiba aujuaye ni aliyechomwa.

Jioni walijaza fomu upya. Kalamu ikafika palepale, ikasimama.

"Andika," Namalwa akasema. "Marehemu."

Mkopo ulikubaliwa, basari ikajazia, na chuo kikamruhusu Nelima aanze Januari. Asubuhi ya kwanza alitoa koti nyuma ya mlango, akalivaa. Mikono ilimzidi. Mama yake aliikunja mara mbili, akamsindikiza hadi barabarani.

Aliporudi, alifunga mlango, akauona msumari mtupu.

"Wabuge," alisema, "mtoto ameenda kazini kwako."

Kisha akatoka kugeuza mandazi.