Namba ya Tano

Mimi sipendi kushindwa. Nianze kwa kulikiri hilo, maana yote yaliyotupata yametokana nalo.

Dada yangu ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha ndani, wateja anawapokea barazani. Kila mchana tukishakula, tulikuwa tunafungua simu kwenye ukurasa mmoja wa vituko vya mtandaoni: mbuzi mwenye pembe nne, kiazi chenye sura ya mtu, na zile picha za kutafuta namba zilizofichwa. Anayeshindwa anaosha vyombo. Dada ana jicho la fundi, kwa hiyo masufuria ya nyumba ile nayajua mimi.

Siku hiyo iliwekwa picha ya chumba chenye vitambaa vilivyorundikana. Juu yake waliandika: "Namba tano. Nani ataziona zote?"

Kumi na moja niliiona mimi, kwenye mkunjo wa pazia. Dada akaona ishirini na sita, ishirini na tatu, kumi na tano, chapuchapu. Halafu akavuta daftari lake la vipimo.

"Bega, kifua, kiuno, mkono," akanong'ona. "Vya Kidoti hivi."

Kidoti ni bintiye, wakati huo ana miaka minane. Asubuhi ile ile Dada alikuwa amempima sare ya shule, mteja akabisha hodi kabla hajachukua urefu. Kwenye daftari, mstari wa urefu ulikuwa mtupu.

"Acha mambo yako," nikamcheka. "Watoto wangapi wana kifua hicho?"

Hakucheka. "Hiyo ya tano usiitafute, mdogo wangu. Nakuomba." Mteja aliyekuja kujaribu sketi akamwita, akaenda huku akigeuka kunitazama.

Mimi tena! Niliikodolea picha mpaka macho yakatoa machozi. Ya tano haikuwepo. Chini yake watu chungu nzima walishakata tamaa. Ndipo nikapata akili ya kijinga: nidanganye, niweke urefu wa Kidoti. Nikaingia ndani, nikamkuta Kidoti anachezea vifungo sakafuni.

"Hebu simama, mwanangu."

"Mama mdogo, nimeshapimwa."

"Bado kidogo tu." Nikashusha futi ya kupimia kutoka begani hadi chini ya goti. Ishirini na saba. Nikarudi barazani, mtandao unakoshika, nikaandika: 27.

Jibu likaja kabla sijaweka simu chini.

"Asante, fundi. Ulibaki urefu tu. Tunakata."

Ndani, mkasi ukalia. Krap. Krap. Taratibu.

Dada alikuwa mbele yangu. Mteja alikuwa mbele yangu. Ndani kulikuwa na mtoto peke yake.

Tukakimbia. Kidoti alikuwa amesimama katikati ya chumba, ametanua mikono, amefumba macho. Mkasi ulikuwa kwenye msumari wake ukutani, juu, asipofika.

"Mama, usinisemeshe," akanong'ona. "Kasema nisitikisike."

"Nani kasema?"

"Yule fundi mwingine."

Jora jeupe mezani lilikuwa limekatwa, limenyooka vizuri sana. Kipande chenyewe tulikitafuta mpaka chini ya kitanda. Hatujakiona hadi leo, wala ule ukurasa sijaupata tena.

Miaka mitatu imepita. Kidoti anakula, anacheza, darasani yuko vizuri. Wenzake wamempita kwa kichwa kizima. Daktari anasema tusubiri, watoto hawakui sawa. Sare ya mwaka ule bado inamkaa kama imeshonwa jana.

Dada hajawahi kunigombeza. Heri angenigombeza. Kila muhula ukianza anaitoa futi, lakini yeye hampimi Kidoti. Ananikabidhi mimi.

"Pima, mshindi."

Napiga magoti. Kabla sijamwambia kitu, mtoto anatanua mikono, anafumba macho. Nashusha futi huku nikiomba Mungu anipe hata nusu inchi.

Ishirini na saba.