Koti la Bega la Kushoto

"Koti limepinda!"

Mzee Mkasi, mkuu wa chumba cha kukatia, alilivalisha sanamu la kushonea lile koti, akarudi nyuma hatua mbili, akalikodolea macho kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Kiswahili hakukijua. Mwalimu wa wanafunzi wageni ndiye aliyetafsiri, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba aibu nayo ingepungua.

"Anasema bega la kushoto limeshuka sentimita mbili. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hakosei hivyo."

Mama Kidoti alikuwa amesimama tangu asubuhi. Viatu alishavivua akavificha chini ya meza, na miguu ilikuwa imevimba kama mito ya kochi. Ilikuwa siku ya mwisho ya ziara ya mafunzo, yeye na wenzake kumi wa darasa la jioni la ushonaji, nchi ya watu, lugha ya watu. Kila mmoja alitakiwa kumshonea koti mtu wake wa nyumbani, kwa vipimo alivyokuja navyo. Koti lisipopita, cheti hakuna.

"Mwambie halijapinda," alisema. "Aliyepinda ni mwenye koti."

Darasa likaangua kicheko. Mwanafunzi mwenzao mtu mzima, waliyezoea kumwita Shangazi, akamvuta sketi.

"Mwanangu, rekebisha yaishe. Dakika ishirini tu hizo."

"Nikirekebisha halitamkaa, Shangazi. Nitakuwa nimemshonea sanamu."

Mzee Mkasi akasema neno. Mwalimu akakohoa kidogo.

"Anasema, basi amwone huyo mtu."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mwenye koti alikuwa Baba Kidoti, na Baba Kidoti alikuwa hapokei simu zake, leo siku ya nne. Alimwandikia maneno mawili tu, "Furahia safari," kisha kimya. Mama Kidoti alijua upepo ulikovuma. Wifi yake, dada mkubwa wa Baba Kidoti, ndiye mkaa kaunta wa duka la gesi ambako mdogo wake huyo hubeba mitungi. Na siku ya kuagana wifi hakumung'unya maneno: "Akishapanda ndege, huyo si wako tena."

Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Bure.

Akaandika, vidole vyeupe kwa chaki: "Sikupigii tugombane. Vua jaketi la kazi, simama ukutani, nipigie kwa video. Cheti changu kiko begani kwako."

Wenzake walijifanya wanakunja vitambaa. Dakika tatu zikapita. Nne. Simu ikalia.

"Begani kwangu kuna nini?" Baba Kidoti alikuwa amenuna, lakini jaketi ameshavua.

"Kata hiyo!" sauti ya wifi ilitokea nyuma. "Anataka kukuaga huyo!"

"Shikamoo, wifi," Mama Kidoti alisema.

Salamu haikataliwi.

"Marahaba."

"Naomba unishikie hiyo simu, umwoneshe kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Wewe ndiye mwenye mkono usiotetemeka."

"Mimi?"

"Nani mwingine?"

Wifi akaguna, akaishika. Baba Kidoti akasimama ukutani, mikono chini, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Na bega lake la kushoto, lililobeba mitungi miaka saba bila kupumzika, lilikuwa chini ya mwenzake. Wazi kabisa.

Mzee Mkasi aliinamia simu. Akatazama koti. Akatazama simu. Akavua futi shingoni, akapima bega la koti polepole, safari hii kwa adabu. Kisha akaongea maneno mengi.

"Anasema miaka thelathini ameshonea masanamu," Mwalimu alitafsiri, tabasamu limemshinda. "Koti limepita. Anauliza, ulilipima vipi hilo bega?"

"Sikulipima. Nilipima kifua na mikono tu. Bega nalilalia kila siku, nitashindwaje kulijua?"

"Uwiii!" Shangazi akapiga makofi. "Mtamuua mtu humu ndani!"

Kwenye simu Baba Kidoti alikuwa ameinamisha uso.

"Mbona hukupokea?" Mama Kidoti aliuliza taratibu.

"Niliogopa. Nikaona bora niache kupokea kabla wewe hujaacha kupiga."

"Mjinga wewe."

"Najua." Akajikuna shingo. "Sasa hilo koti la nini? Mimi nabeba mitungi, Mama Kidoti. Nitalivaa wapi?"

"Harusini."

"Ya nani?"

"Yetu! Umeniahidi tangu Kidoti hajaota jino, leo anakimbia. Nimechoka kusubiri useme, nimeshona."

Wenzake wakaacha kukunja vitambaa. Hata Mzee Mkasi, asiyeelewa neno, alishikilia mkasi hewani.

Picha ikayumba. Wifi alikuwa ameigeuza simu, uso wake umejaa skrini, macho yamelowa.

"Kwa hiyo unarudi?"

"Kesho, wifi. Kwani nilisema siji?"

"Basi na mimi nishonee. Ila uje unipime kwa futi, usije ukakisia!"

"Dada, nipe simu!" Baba Kidoti alipokonya. "Mama Kidoti... lina mifuko?"

"Mitatu."

"Basi nitalivaa."

Jioni Mama Kidoti alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, koti limekunjwa juu ya sanduku, cheti ndani ya mfuko wa kifuani. Ujumbe ukaingia.

"Kidoti kala, kalala. Leo nimebeba mitungi kumi na minane, yote bega la kushoto. La kulia siligusi mpaka siku ya harusi, koti lisije likanikataa."