Kioo Kinachopima Kidole

Kenta ilikuwa imeshatoka ghalani.

Mideva aliiona ikipita kwa kasi, lori dogo jeupe, turubai la kijani limekazwa kwa kamba. Ilikuwa inakata katikati ya mji ishike barabara ya Malava. Ndani kulikuwa na magunia hamsini ya mahindi yaliyokufa, yasiyoweza kuota, yamepakwa rangi ya mbegu, yakienda kuuzwa kwa wakulima wa Likuyani.

Chini ya magunia kulikuwa na Wanzala, amefungwa mikono na mdomo; Mideva alikuwa amewaona wakimtupa humo.

Wanzala alikuwa mpakiaji pale ghalani. Pia alikuwa mtu wa Mideva. Huyu Mideva, jasusi wa serikali miaka kumi na tisa, ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii. Asubuhi ile ile alikaa jikoni kwa Naliaka, mke wa Wanzala, akamwambia, "Atarudi. Nakuahidi mimi."

Kuifuata kenta peke yake hakungesaidia. Mbele walikaa wanaume watatu wenye bunduki. Lakini alikuwa ameipiga picha, namba yake inasomeka vizuri. Ilibaki kuituma tu.

Alipanda bodaboda, akatoa simu.

Ilikuwa Zeno 9, simu ambayo ofisi iliwagawia mwezi huo. Kioo chake kinapima nguvu ya kidole. Ukigusa, unaona. Ukibonyeza, unafungua. Ukibonyeza kwa nguvu, inatuma kwa siri na hakuna wa kuinasa. Ndivyo walivyoambiwa kwenye semina, wakanywa chai, wakaenda nyumbani.

Mideva alibonyeza kwa nguvu.

Picha ikafunguka.

Alibonyeza tena. Picha ikakua, ikajaa kioo chote. Simu ikatetemeka kidogo, kama mtu anayekukatalia kwa adabu.

"Tuma, wewe!"

Simu ikamwonyesha kenta. Picha nzuri sana.

Aliwasha redio ya Motorola iliyokuwa kwenye kola, akamwita mkuu wa polisi wa barabarani.

"Kibet, kenta imetoka. Weka kizuizi kabla ya daraja la Nzoia."

"Nitumie picha."

"Haiendi."

"Bila picha siwezi. Mwezi jana mtu aliingia kwenye redio yetu akatufanya tusimamishe gari la maiti. Sasa amri ni picha, kutoka kwa simu hiyo."

"Nikusomee namba kwa mdomo!"

"Bonyeza kwa nguvu zaidi, Mideva."

"Nimebonyeza mpaka kucha imekuwa nyeupe!"

"Si kwa haraka. Polepole, lakini kwa nguvu."

"Polepole na nguvu? Afande, hii ni simu ama ni ng'ombe ya kukamuliwa?"

Kisha Kibet akasema, "Dakika arobaini wafike darajani."

Mideva alimwambia mwenye boda asimame nyuma ya soko.

Hapo kulikuwa na kibanda cha Cindy, fundi wa simu, msichana aliyesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala. Foleni ilikuwa na watu wawili: Mama Rosebella, muuza dagaa wa omena, na mwanaume wa koti la kahawia.

Mideva alilijua lile koti kabla mwenyewe hajageuka.

Elkanah. Mwenye ghala.

Elkanah hakumjua Mideva. Aliona mama tu na kiondo chake. Na mkononi Elkanah alishika Zeno 9. Walanguzi nao waliipendea siri.

"Mtoto wangu alininunulia hii," Mama Rosebella alikuwa anasema. "Nikitaka kumpigia, inanionyesha sura yake. Sura naijua! Si nilimzaa mimi?"

"Afadhali wewe, mama," Elkanah akasema. "Mimi nina maneno mawili ya dereva. Mawili tu! Robo saa nabonyeza."

"Si umpigie?"

"Kupiga hatupiganga. Biashara yetu ni ya kuandika."

Mideva alichungulia juu ya bega lake.

*Mtupe darajani.*

"Mzee, unaibonyezanga kama unaua kunguni," Cindy akacheka. "Lete." Aliigeuza kwenye mwanga. "Na nani aliwabandikia hii kioo ya juu?"

"Wewe!" wakajibu wote watatu.

"Nani atatembea na simu uchi?" Mama Rosebella akaongeza.

"Basi ndiyo hiyo. Kidole hakifiki. Ni kama daktari anapapasa mgonjwa juu ya blanketi."

Akaingiza wembe pembeni.

Kra.

Kioo cha juu kikatoka. Elkanah alipokea simu akitabasamu. Akainua kidole gumba.

Mideva alikidaka kile kidole, akakikunja nyuma.

Simu ilianguka mezani.

"Mama, una wazimu?"

Mkono wake mwingine uliingia kwenye koti, ukatoka na bastola. Mideva alinyakua mashine ya Cindy ya kupuliza hewa moto, ile ya kulehemia simu, akamwekea kwenye kiganja. Digrii mia nne. Bastola ikadondokea kwenye sahani ya skurubu.

Teke la goti. Elkanah akaketi chini.

Bastola ya Mideva, Glock, ikatoka kwenye kiondo.

"Wewe ni nani?" Elkanah akauliza kwa uchungu.

"Mteja."

Sasa simu yake mwenyewe. Cindy alikuwa amejibanza nyuma ya meza na wembe. Mideva hakumngoja. Aling'oa kioo cha juu kwa meno, kikapasuka, kikamkata mdomo. Akabonyeza.

Picha ikafunguka.

"Shenzi!"

"Usiachilie, auntie!" Cindy alipiga kelele. "Shikilia tu!"

Akashikilia. Moja. Mbili. Tatu.

Simu ikatetemeka mara moja, kwa uzito.

"Imeingia," Kibet akasema redioni. "Naweka kizuizi."

Walingoja.

"Tumeisimamisha. Watatu wamelazwa chini. Tunatoa magunia."

"Na?"

"Mpe dakika, Mideva."

Akampa.

"Anaomba maji," Kibet akasema.

Mideva alimfunga Elkanah kwa waya wa chaja. Polisi walipofika, alifuta damu mdomoni, akachukua kiondo.

"Auntie, nikuwekee kioo ingine?"

"Thubutu," akasema, akaondoka bila kugeuka.

Elkanah alifungwa miaka tisa. Dereva na wenzake, mitano. Mahindi yalichomwa. Wanzala alipona mikono, akahamia Khwisero na mkewe. Hawapokei simu kutoka kwa Mideva. Mama Rosebella alirudia simu yake ya vibonyezo. Cindy bado yuko nyuma ya soko. Mideva aliandika barua ya kurasa tatu kuhusu kile kioo. Ofisi ilimshukuru, kisha ikaagiza Zeno 9 nyingine mia mbili.