Dakika Ishirini za Dobi

Dobi alikuwa mtu asiyejua kutulia. Alikula amesimama, alisalimia akitembea, na mkewe alipenda kusema kwamba hata usingizini miguu yake inafua nguo. Chumba chao cha kazi kilikuwa na meza ya kupigia pasi, mapipa mawili ya maji ya kusuuzia, na jiko la kuchemshia wanga. Wanga ndio uliofanya kola za wateja zisimame.

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimejikunja, havinyooki. Aliungua utotoni, kwa wanga huohuo. "Ndiyo kazi yetu," alizoea kusema, na maneno yakaishia hapo.

Asubuhi moja binti yake wa miaka sita alipita mbio karibu na jiko. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Sufuria ikapinduka. Wanga unaochemka ukammwagikia mkononi, kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Alipiga yowe moja, kisha akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikomtisha baba yake.

Dobi akachota wanga mwingine, mbichi na wa baridi, ili ampake. Ndivyo madobi wa ukoo wao walivyotibu majeraha ya moto tangu enzi za babu yake.

"Acha," mtu akasema mlangoni.

Alikuwa dereva wa ambulensi, mteja wao wa siku nyingi, amefuata sare zake.

"Usimpake kitu, ndugu yangu. Maji kwanza. Shemeji, nipe mkasi."

Akaikata bangili ya shanga kabla mkono haujavimba. Akakata na nguo iliyolegea. Kipande kilichoshika ngozi hakukivuta. Akamketisha mtoto kando ya pipa la maji safi, akaanza kumwagia mkono kwa kopo, taratibu, bila kukatisha.

"Nikatafute barafu?" mama akauliza.

"Hapana, barafu nayo inaumiza ngozi. Maji haya yanatosha. Mfunike shuka mwilini, asipate baridi."

Dobi alikuwa ameshavaa viatu. "Basi, yametosha. Twende hospitali."

"Dakika ishirini."

"Ishirini? Mwanangu anaungua, wewe unaniambia nikae?"

"Ndiyo, bado anaungua. Joto limeingia nyamani. Tukiondoka sasa, tunaondoka nalo. Wenzangu nawapigia simu sasa hivi, gari litakuja. Shika kopo."

Dobi akashika kopo. Dakika ya tatu alitazama saa ya ukutani. Dakika ya tano aliitazama tena, akaapa kwamba imesimama. Dakika ya nane aliinuka aende kuchungulia barabarani.

"Gari nitalisikia mimi," dereva akasema. "Wewe mwagia."

Akarudi. Goti lake lilicheza, lakini mkono haukuacha kumwagia.

"Ule wanga wangu ungemdhuru nini?"

"Ungeweza kuingiza uchafu kwenye kidonda. Halafu daktari angelazimika kuusugua utoke. Wanga ukikauka unatokaje, fundi? Wewe ndiye unayejua."

Dobi alijua. Akavitazama vidole vyake viwili.

"Mimi nilipakwa," akasema polepole. "Wiki nzima nikapakwa, sikupelekwa popote."

Machozi yalimtoka dobi, akaendelea kumwagia.

Dakika ishirini zilipotimia, malengelenge hayakutumbuliwa. Kitambaa kisafi kuliko vyote mle ndani kilikuwa foronya ya mteja, iliyopigwa pasi jana. Mkono ukafunikwa kwa foronya hiyo, bila kukazwa. Gari likafika.

Chiriku alikaa hospitali siku tisa. Baadaye alirudi kliniki mara nyingi kufungwa kidonda na kunyoosha vidole. Dobi aliinua jiko juu ya matofali, akalizungushia wavu. Kando yake aliweka ndoo ya maji safi yenye kifuniko, na kopo ambalo hakuna mtu aliyeruhusiwa kulichezea. Kila dobi aliyepita pale alisimuliwa habari za dakika ishirini, atake asitake.

Kovu lilibaki, jepesi. Siku moja Chiriku aliuweka mkono wake juu ya meza, akaukunjua wote, kidole kwa kidole, karibu na mkono wa baba yake.

"Baba, mbona vyako havifunguki?"

Dobi aliweka pasi chini, akaketi.

"Mimi hakuna aliyenimwagia maji, mwanangu."