Achia Fimbo Kwanza

Wifi wawili waliishi nyumba moja karibu na ufukwe. Mmoja alikuwa fundi cherehani. Mwingine, dada wa mumewe, alikuwa karani wa posta.

Fundi alishona sare za shule. Pia alitia viraka tiara kubwa za wanamichezo, zile zinazomvuta mtu aliyesimama kwenye ubao akateleza juu ya maji. Mteja mmoja alipohama mji alimwachia tiara yake. Fundi aliujua kila mshono wake. Akaona hakuna la zaidi la kujifunza.

Jumapili mchana walikwenda ufukweni. Upepo ulitoka baharini moja kwa moja kuelekea nchi kavu. Fundi alijifunga mkanda wa kiunoni, akaunganisha kamba kama alivyoona wengine wakifanya. Karani alishika tiara mbele ya fundi, kule upepo unakoelekea, na nyuma ya karani kulikuwa na ukuta wa mawe. Akaiachia.

Tiara ilipaa kwa nguvu. Ikamnyanyua fundi, ikambwaga, ikamburuta mchangani. Fundi alikaza mikono kwenye fimbo ya kuongozea. Kadiri alivyoivuta kwake, ndivyo tiara ilivyozidi nguvu. Kamba moja ilipita karibu kabisa na shingo ya karani. Fundi alisimamishwa na ukuta. Mfupa wa mkono ulipata ufa.

Hapo ufukweni palikuwa na shule ya mchezo huo. Mwalimu wake, mama wa makamo, ndiye aliyekimbia akaikamata tiara. Hakumkaripia mtu. Plasta ngumu ya mkono wa fundi ilipotolewa, baada ya wiki sita, aliwaita wote wawili.

Karani alishangaa. "Mbona na mimi? Mimi nilishika tu."

"Anayeshika ndiye wa mwisho kusema hapana," mwalimu akajibu. "Ukiona jambo haliko sawa, usiachie."

Wiki mbili walirusha tiara ndogo, isiyoweza kumnyanyua mtu. Mwalimu aliwaeleza kwamba upepo mzuri kwa mwanafunzi ni ule unaopita sambamba na ufukwe. Wa kuelekea nchi kavu humbwaga mtu ukutani. Wa kuelekea baharini humpeleka mbali. Aliwafundisha kuvaa kofia ngumu, kukagua kamba moja moja, na kutozungusha kamba mkononi hata kidogo. Tiara hurushwa ikiwa pembeni mwa upepo, si kule unakoelekea, mahali pasipo na watu wala kuta. Ikilazwa chini, hugeuzwa na kuwekewa mchanga juu, isije ikapaa yenyewe.

"Na ikinivuta tena?" fundi akauliza.

"Achia fimbo kwanza. Tiara itapungua nguvu. Ikizidi kuvuta, sukuma kishikio hiki chekundu kilicho mbele ya mkanda."

Fundi alifanya hivyo mara thelathini, macho yakiwa yamefumbwa. Mikono yake, iliyozoea kukaza uzi, ilichelewa kuelewa.

Siku ya tiara kubwa ikafika. Fundi alikagua kila kitu, akainua kidole gumba kuonyesha kwamba yuko tayari. Karani hakuachia. Upepo ulikuwa umegeuka, sasa unaelekea ukutani. Akatikisa kichwa. Fundi alinuna, lakini walikunja vitu, wakarudi nyumbani.

Kesho yake upepo ulipita sambamba na ufukwe. Karani akaachia. Tiara ilipanda taratibu, ikatulia angani. Fundi aliiongoza kwa dakika kumi, miguu ikiwa mchangani. Ghafla upepo ukaongezeka, naye akavutwa hatua mbili. Akaachia fimbo. Tiara ilikuwa bado inavuta. Akasukuma kishikio chekundu, nayo ikanywea, ikaanguka. Karani akakimbia kuimwagia mchanga. Hakuna aliyeumia.

Walikaa kungoja upepo upungue. Ulipotulia, karani alichukua kofia kichwani mwa wifi yake, akaivaa.

"Sasa zamu yangu," akasema. "Wewe shika. Na ukiona siko sawa, nikatalie."