Mteja Ambaye Hayupo

"Haloo, hapo ni kwa fundi wa makochi?"

"Ndiyo, karibu mama. Nikusaidie nini?"

"Kiti changu cha bluu. Naomba mniletee."

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa, pini mdomoni, simu nimeibana kwa bega. Nikazitema zile pini. Jamani, mimi nina kasoro zangu, mdomo ukiwa wa kwanza, lakini kusahau oda ya mtu? Hapana.

"Kiti kipi, mama? Uliagiza lini?"

"Sikuagiza. Nilishukuru tu. Angalia kwenye tovuti yako, mimi ndiye wa kwanza pale. Mgongo mrefu, mikono mipana, nakaa dirishani. Nimeshakisifia mbele ya watu wote, mwanangu. Sasa nileteeni nikikalie."

Akakata. Namba ilikuwa imefichwa.

Nikafungua tovuti yangu. Kweli, kwenye ukurasa wa Wateja Wanasema, juu kabisa, kulikuwa na picha ya bibi mwenye mvi, nywele kasuka mabutu mawili, kakaa dirishani, mwanga umempiga nusu ya uso. Jina lake: Mama wa Dirishani. Maneno yake: "Tangu nipate kiti hiki cha bluu, siku hazinichoshi. Nakaa namsubiri mwanangu kwa raha."

Nilishayasoma maneno yale mara mia. Karakana niliirithi kwa baba, kwa hiyo siku zote nilidhani ni mteja wake wa zamani.

Aliyetengeneza tovuti ni mchumba wangu. Mtaa mzima unamwita Mtandao, kwa sababu ndiyo kazi yake: anatangaza biashara ndogo ndogo. Kinyozi, mama wa keki, fundi saa, wote anawaandikia. Kabla yake nilikuwa nasubiri wapita njia. Alipoingia yeye, wakaanza kunipigia watu wa mitaa ambayo sijawahi kuikanyaga. Nilimpenda, sifichi. Harusi yetu ilikuwa imebaki wiki tatu.

Alikuwa kwenye kona yake, macho kwenye kompyuta.

"We Mtandao, huyu mama wa kiti cha bluu ni nani?"

"Kwa nini?"

"Kapiga simu. Anadai kiti."

Akacheka. Aliponitazama usoni, kicheko kikamkauka.

"Haiwezekani. Huyo mtu hayupo, mpenzi. Nilimtunga."

"Ulimtunga?"

"Tovuti mpya haina hata mteja mmoja anayeisifia, nani ataiamini? Nikaandika watu saba. Wote wa kutunga."

"Saba! Hata yule mwalimu wa makochi mekundu?"

"Hata yeye."

"Na yule baba wa mapacha?"

"Sasa, Fundi, kila mtu anafanya hivyo."

"Mimi si kila mtu! Kazi ya mikono yangu inasifiwa na mizimu, na wewe umekaa hapo unachezea vitufe! Picha umeitoa wapi?"

"Huko huko mtandaoni. Picha za bure."

Nilimnunia mpaka kesho yake. Saa kumi alasiri, simu ikalia.

"Kiti bado, mwanangu?"

"Mama, wewe ni nani hasa?"

"Mimi ni yule mliyemwandika."

Mwili ukanisisimka. Mchana kweupe, jua linawaka barabarani, na mimi nikawasha taa.

"Huyo kijana anayekuandikia yupo hapo?" akauliza.

"Yupo."

"Akisema uongo, mtazame mkono wa kushoto. Kidole gumba anakificha ndani ya ngumi. Tangu mdogo."

Akakata. Nikamgeukia Mtandao, nikamuuliza polepole:

"Ile picha uliitoa wapi?"

"Nimeshakwambia. Mtandaoni."

Nikautazama mkono wake juu ya meza. Kidole gumba kilikuwa kimelala ndani ya ngumi.

Nikarudi kwenye mashine. Kwa mara ya kwanza nilimwogopa mtu niliyekuwa najiandaa kulala naye kitanda kimoja maisha yangu yote.

Jioni ile, chini ya ule ushuhuda, mahali ambapo wateja huacha maoni, pakatokea maneno: "Bado nasubiri." Mtandao akayafuta. Asubuhi yakawepo tena, yameongezeka: "Bado nasubiri. Dirisha liko wazi." Akabadilisha paswedi. Akafunga sehemu ya maoni. Mwishowe akamwondoa Mama wa Dirishani mzima mzima, picha na maneno.

"Haya, kwisha kazi," akasema, jasho likimtoka.

Saa kumi simu ikalia.

"Mmenifuta," ile sauti ikasema. Haikuwa na hasira. "Hii ni mara ya pili nafutwa."

"Mara ya kwanza ilikuwa lini, mama?"

"Njoo na kiti nitakwambia. Nyuma ya kiwanda cha matofali, nyumba ya mwisho, mlango wa kijani."

Nikamweleza Mtandao. Akasimama ghafla mpaka kompyuta nusura ianguke.

"Usiende! Huyo ni tapeli, anatuchezea."

"Kama ni mtu, atakaa kwenye kiti. Kama si mtu, nitakirudisha."

"Fundi, nakuomba. Tuache haya mambo. Tuoane wiki hii hii, tusisubiri."

"Una haraka gani?"

"Nakupenda tu."

"Kupenda gani huko kwa kukimbizana?"

Nilikishona kiti kwa siku nne. Vipimo nilivikisia kutoka kwenye ile picha, niliyokuwa nimeihifadhi kwenye simu: nikapima bega la bibi kwa fremu ya dirisha, kiwiko kwa kizingiti. Niwaambie ukweli, nywele zilikuwa zinanisimama kumpimia kiti mtu ambaye mchumba wangu anaapa hajazaliwa. Mtandao hakukigusa. Alikuwa anakizunguka akipita, na kwa siku zile nne sikumwona akila chakula cha maana.

Siku ya tano nikakodi pikapu. Mtandao akabaki mlangoni mwa karakana, hakupunga hata mkono.

Nyumba ya mwisho ilikuwa na dirisha moja la barabarani. Alikuwepo. Mabutu yale yale, mwanga ule ule nusu ya uso, ameelekeza macho barabarani bila kupepesa. Dereva akaniuliza, "Dada, mbona umeganda?" Nilikuwa bado nimeshika mlango wa gari.

Mlango wa kijani ukafunguliwa na mwanamke wa miaka arobaini hivi. Nikaona macho ya Mtandao, pua ya Mtandao, hadi lile tabasamu la upande mmoja.

"Karibu, wifi," akasema. Kisha akageuka ndani. "Mama, kiti kimefika."

Bibi akakaa kwenye kiti. Kilimkaa sawasawa. Akaipapasa mikono ya kiti, kisha akanishika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa wa moto, wa mtu aliye hai, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Nisamehe kukutisha," akasema. "Huyu binti yangu alikuwa anatafuta fundi mtandaoni, akakutana na picha yangu, na ile yenu ya uchumba. Aliipiga yeye, siku mdogo wake anaondoka. Yale maoni pia ameyaandika yeye, mimi nikimtajia."

"Kwa nini hukusema tu wewe ni mama yake?"

"Angekwambia nimekosea namba. Lakini mteja hafukuzwi, au vipi? Mwanangu alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Miaka mitatu sasa amebadilisha namba, na hapo ndipo nilipofutwa mara ya kwanza. Nikasema kama ameniandika namsubiri, basi anajua kuwa namsubiri."

Nikakaa chini karibu yake.

"Mama, aliniambia umekufa."

Dada mtu akaishika meza. Bibi akauachia mkono wangu.

"Kwa ugonjwa gani?"

"Moyo."

"Moyo," akarudia, akitikisa kichwa. "Hapo hakudanganya sana."

Nikamweleza yote. Nilikuwa nimemzika baba wiki mbili tu nyuma, Mtandao alipokuja karakana kunitangazia tovuti. Nilikuwa nalia juu ya mashine, nikamfokea kwamba hawezi kuelewa. Akaniambia, "Naelewa. Na mimi nimemzika mama." Tukalia wote. Hapo ndipo nilipompenda, siku ile ile.

Nikampigia simu.

"Njoo."

"Uko wapi?"

"Unajua nilipo."

Nikasikia kiti chake kikisukumwa. Kisha, kwa sauti ndogo: "Amekaa dirishani?"

"Njoo umwone mwenyewe."

Alifika akikimbia, shati limelowa. Alipoingia akaanguka magotini mbele ya kiti. Bibi akamwekea kiganja kichwani.

"Nilikufa lini, baba?"

"Mama, nisamehe."

"Nijibu. Nataka kujua tarehe."

Akaitaja. Dada yake akapiga ukelele, akakimbilia chumbani. Bibi hakulia.

"Mimi ni mama yako, sina pa kukutupa. Nilikusamehe hata kabla hujafika. Kazi unayo kwa huyu."

Akanigeukia, bado amepiga magoti.

"Siku ile hukuniona kabisa, Fundi. Ulikuwa unamwona baba yako tu. Kazini kwetu tunajua, mteja akijiona kwako anakuamini. Basi lile neno la msiba likanitoka. Nilitaka kukwambia kesho yake, lakini ulishanishika mkono ukalia. Nikashindwa. Kisha nikaogopa kuja huku, hata kupiga simu, mama angetaka kukuona. Nilivyoandika ule ushuhuda, sijui, nilitaka awe hai mahali fulani."

"Kwa hiyo nilikuwa mteja."

"Hapana! Nilikupenda. Nakupenda."

"Najua unanipenda. Ndiyo maana naogopa. Kila mwaka tarehe ile nilikaa na wewe, nikakukumbatia, nikatoa machozi niliyombakizia baba yangu, namlilia mtu aliyekuwa anahesabu magari hapa dirishani. Ulikuwa unaniona nalia. Ulikuwa unanipangusa!"

"Sitarudia. Naapa."

"Haya niambie. Siku ukitaka kupendwa na mwingine, mimi utaniua kwa ugonjwa gani?"

Akafungua mdomo. Mtu aliyewapatia maneno kinyozi, mama wa keki na fundi saa, hakuwa na hata neno moja. Bibi akamgusa bega.

"Mjibu mwenzio."

"Sijui," akasema.

Nikavua pete nikaiweka mezani. Bibi akaniomba nikae kidogo. Nikambusu mkono, nikamwambia nitakuja kumtazama, ila si kama mkwe wake. Mtandao alikuwa analia kwa sauti, na mimi moyo uliniuma vibaya, sitaki kudanganya. Nilitamani kurudi nimkumbatie. Nikatoka.

Nilipofika karakana nikawapigia waalikwa mmoja mmoja. Nikaanza na shangazi, aliyenilea.

"Shangazi, harusi haipo."

"Mungu wangu! Kuna msiba?"

"Hapana, shangazi. Hakuna aliyekufa."

Na hapo ndipo nilipoanza kulia.